Bangi inakamatwa kila wiki, bei ya mtaani haipandi: tatizo liko baharini, maabara au mahakamani?

Mtu wa Mkokotoni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Picha ni ile ile kila wiki: nyongo (vifurushi vya bangi) zimepangwa mezani, kijana kainamisha kichwa, askari wamesimama nyuma. Mwezi haujesha maskani ile ile inauza tena, na kwa bei ile ile. Mali ikizuiwa kweli bei hupanda. Bei isipopanda, basi kinachokamatwa hakijagusa kinachopita.

Na sisi Zanzibar hatuna mashamba ya bangi ya kusema. Ipo miche ya uani na vishamba vya kujificha, lakini mzigo wenyewe unatoka Bara: Arumeru, Tarime, Morogoro, Iringa, Tanga. Karibu kila kilo inayovutwa hapa imevuka maji. Kisiwa kinashindwaje kuzuia kitu ambacho hakioti kwake? Mimi nasema ni bahari. Wenye kuijua kazi waje, siasa tuiweke pembeni.

Nahodha Faiba, #2

Waalaykum salaam. Ni bahari, lakini si kama watu wanavyodhani, kwamba ziongezwe boti mbili za KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na mambo yataisha.

Fanya hesabu. Baina ya Pemba na Bara ni kilomita 50 hivi pale pembamba. Unguja na Bara ni 35 hadi 40. Boti ya doria yenye mashine mbili za hp 200, kila mashine ikisukumwa hadi mwisho inakunywa lita 70 mpaka 80 kwa saa. Zote mbili ni kama lita 150. Ukikimbiza kwa muda wa saa sita ni lita 900, na hapo hujakamata mtu. Hakuna kikosi kitakachokimbiza namna hiyo kila siku. Doria ya maana inazima mashine na kuvizia, na mwenye kuvizia lazima ajue avizie wapi na saa ngapi.

Jawabu ya saa ngapi iko kwenye maji. Wakati wa bamvua (maji makubwa) tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 4. Pwani yenye mwamba mrefu, maji yakipwa chombo hakiingii, kinabaki nje ya mwamba. Kwa hivyo bandari bubu (zisizo rasmi) nyingi zina saa chache tu za kushusha, mara mbili kwa siku. Upande wa magharibi wa Pemba mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya mikoko na vijito, chombo kidogo kinajificha ndani hata maji yakiwa nusu. Ratiba ya doria ikipangwa kwa zamu za ofisini, saa 12 mpaka saa 12, itakuwa inakesha maji yakiwa yamekauka na kwenda kulala yakijaa.

Wakili wa Vuga, #3

Nahodha kasema kweli ya baharini. Lakini hata ukikamata kila chombo, kesi zenyewe zinaanguka. Muuzaji anarudi maskani wiki ya pili na wenzake wanajifunza kwamba kukamatwa si kufungwa. Mimi naweka tatizo hapo.

Bint Chake, #4

Wakili, tueleze sie wa kawaida. Mtu kashikwa na mzigo mkononi, kesi inaanguka vipi? Na usitujazie vifungu, tafadhali.

Wakili wa Vuga, #5

Vifungu nitavifanya vichache, Bi Chake.

Mahakama haikai kuamua kama kijana ana sura ya muuzaji. Inauliza: haya majani yaliyoko mbele yangu leo ndiyo yale yale yaliyotoka kwenye mfuko wake usiku ule? Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo inayosikiliza rufaa za jinai za pande zote mbili za Muungano, ilishaweka msimamo katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007: pawe na kumbukumbu inayoonyesha kielelezo kilikamatwa vipi, kikatunzwa na nani, kikahama kwenda wapi, kikapimwa na nani, na mwisho wake nini. Baadaye ikalegeza kidogo, kwamba karatasi zikikosekana ushahidi wa mdomo wa walioshika unaweza kutosha, khasa kwa vitu visivyobadilishika kwa urahisi. Gari haibadilishiki kwa urahisi. Majani makavu yanabadilishika kwa dakika moja.

Sasa tazama safari ya nyongo. Mkamataji anamkabidhi mkuu wa zamu. Mkuu wa zamu anaandika kwenye rejista ya vielelezo, PF 16, na kielelezo kinavishwa lebo, PF 145. Asubuhi mpelelezi anakitoa. Kuna anayekipeleka kwa Mkemia Mkuu, kuna anayekipokea pale, kuna anayekipima, kuna anayekirudisha. Hao ni watu sita au saba. Mmoja akihamishwa kituo au akasahaulika kwenye orodha ya mashahidi, pengo limeshapatikana.

Makosa ya kila siku ni haya. Lebo inaandikwa kituoni badala ya pale pale pa kukamatia. Hati ya ukamataji inasema nyongo 62, rejista inasema 60. Lakiri (muhuri wa nta) haikupigwa, mfuko umefungwa fundo. Kielelezo kimekaa siku kumi kwenye kabati la mpelelezi, si ghalani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha kulirekebisha.

Mizani na Chupa, #6

Naongeza la uzito, maana hapo ndipo mawakili wa utetezi wanapovuna.

Nyongo zinapimwa usiku kwa mizani ya duka, pamoja na karatasi na mfuko. Tuseme inasoma gramu 420. Maabara wanavua karatasi zote, wanapima majani peke yake kwa mizani ya sehemu za gramu: 350. Hakuna aliyeiba, ila hati moja imeandika uzito jumla na nyengine uzito halisi bila ya kusema hivyo. Wakili anasimama: gramu 70 ziko wapi? Askari anabaki kumtazama hakimu.

Kwa miche mibichi ni balaa zaidi. Bangi mbichi ikikauka inapoteza karibu robo tatu ya uzito wake na zaidi. Kilo 10 zilizong'olewa shambani zitakuwa kilo 2 na kitu zikifika kavu. Andika "mbichi" kwenye hati, andika idadi ya miche, piga picha ikiwa juu ya mizani. Na usiifunge kwenye mfuko wa plastiki. Joto la ghala zetu na unyevu wa hapa, siku tatu nne ishaota ukungu, na jani lililooza halina tena vinyweleo vya kuangalia kwenye darubini. Mfuko wa karatasi, pahala pakavu, penye hewa.

La tatu ni sampuli. Mwongozo unaotumika na maabara nyingi duniani: vifurushi chini ya 10, chukua vyote. Kuanzia 10 hadi 100, chukua 10. Zaidi ya 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani vifurushi 400 unachukua 20. Ukifungua nyongo moja kati ya 60 na kuandika kwamba zote 60 ni bangi, umeithibitisha moja.

Kijana wa Paje, #7

Mnazungumza nyongo kana kwamba tuko miaka ya zamani. Mashamba, yaani Nungwi, Kendwa, Paje, kinachouzwa kwa wageni sasa ni skanka, bangi kali. Gramu chache bei yake ni ya mfuko mzima wa majani ya kawaida, na inaingia kwenye mfuko wa suruali. Doria ya bahari haiwezi kuona kitu hicho. Mnunuzi ana pesa za kigeni na papasi (mpambe wa watalii) anajua hoteli gani wageni wameshuka leo. Mukikaza majani, mtu anahamia kwenye kitu kidogo kikali. Mimi naona tatizo ni soko lenyewe, nyinyi mnahangaika na njia.

Halafu Umoja wa Mataifa wenyewe ulishaihalalisha bangi 2020. Tunapigana vita ambavyo wakubwa wameshaviacha.

Msomaji wa Mikataba, #8

Kijana wa Paje, hilo la mwisho silo. Disemba 2020 Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25 na mmoja hakuegemea upande, kuitoa bangi kwenye Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961. Jedwali hilo ni la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari sana na vyenye manufaa madogo ya tiba. Bangi imebaki Jedwali la Kwanza, yaani chini ya udhibiti kamili. Kilichofunguka ni mlango wa utafiti na tiba.

Nchi nyengine zimefanya yao. Malawi ilipitisha sheria ya kilimo cha tiba na viwanda 2020. Afrika Kusini mahakama ya katiba iliamua 2018 kwamba mtu mzima kutumia faragha si kosa, sheria yake ikasainiwa 2024, na kuuza bado ni kosa.

Shehia Yetu, #9

Wakili kataja watu sita saba, kamsahau wa kwanza: shahidi huru. Kwetu mara nyingi anaitwa sheha, kiongozi wa mtaa, saa 8 za usiku.

Sheha aitwe kabla mlango haujafunguliwa. Aingie na askari, aone askari hawana kitu mikononi, aone chumba baada ya chumba, aone kinatoka wapi: chini ya godoro, juu ya kenchi, ndani ya pipa la mchele. Ndipo atie sahihi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba anagongewa mzigo ukiwa tayari uko sebuleni, anaambiwa "tia sahihi hapa mzee". Akifika mahakamani akiulizwa "uliona kikitolewa wapi", kama ni mtu wa kweli atasema hakuona. Kesi imekwisha hapo.

Na hata aliyeona anaogopa. Mtuhumiwa ni mtoto wa jirani, akitoka rumande wanapishana msikitini. Mahakama inamwita sheha mara nne, mara tatu kesi inaahirishwa, nauli yake mwenyewe. Mara ya tano haendi.

Bint Chake, #10

Hili la Shehia Yetu limenigusa kuliko yote. Mawakili na wakemia wanazungumza karatasi, kumbe kuna mzee anapanda daladala kutoka Konde mpaka Chake kwa fedha zake.

Mkereketwa wa Muungano, #11

Mzizi ni sheria mbili. Dawa za kulevya hazimo kwenye orodha ya Mambo ya Muungano. Polisi wamo. Kwa hiyo askari ni mmoja, mafunzo mamoja, lakini akivuka maji anakuta sheria nyengine, mamlaka nyengine, mkurugenzi wa mashtaka mwengine. Mzigo umepakiwa Kipumbwi au Bagamoyo, umeshushwa hapa. Aliyepakia yuko Bara, aliyepokea yuko hapa. Tunamfunga mpokeaji wa nyongo 30 na aliyepakia gunia anapakia jengine. Na hii Mamlaka yetu ipo tangu 2009, ingeshakuwa na mkono mrefu zaidi.

Wakili wa Vuga, #12

Ya 2009 ni Sheria Namba 9, na chombo chake kilikuwa Tume ya kuratibu na kudhibiti. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuja kwa Sheria Namba 8 ya 2021. Tofauti yake ni kubwa: Tume kazi yake ilikuwa zaidi kuratibu na kuelimisha, ukamataji ukawa wa polisi. Mamlaka imepewa meno ya kukamata, kupeleleza na kufuatilia mali. Bara wana ya kwao chini ya sheria ya 2015.

Sheria mbili si ukuta, zikiwepo taratibu za kupashana habari. Ugumu ni ushahidi. Simu ya aliyepakia iko Tanga, dereva wa bodaboda aliyefikisha gunia ufukweni yuko Tanga, na mwendesha mashtaka wa hapa anataka wote wawili wapande kizimbani Unguja. Ndiyo maana upelelezi unakatwa pale rahisi, kwa aliyekutwa na mzigo.

Mdigo wa Tanga, #13

Hamjambo visiwani. Huku Bara nasoma mnavyogombana kuhusu maji, mimi nawaambia ni shamba. Mamlaka ya Bara inapanda milimani, inafyeka, inachoma. Kisimiri kule Arumeru imesikika sana. Lakini mmea huu unamaliza miezi minne hadi sita shambani. Ukifyeka ukiwa tayari na mbegu, mbegu zimeshadondoka, mvua ijayo zinaota bila kupandwa. Kufyeka kunafaa kabla ya maua, na tena kurudi shamba lile lile baada ya wiki sita. Operesheni ya mara moja kwa mwaka inamtia mkulima hasara ya msimu mmoja, na yeye ana vishamba vitatu, katikati ya mahindi na migomba.

Bint Chake, #14

Mdigo umenikumbusha swali. Hapa Pemba watu huambiana jani fulani la uani linafanana na bangi na polisi wakalichukua. Kweli inawezekana?

Mizani na Chupa, #15

Kwa jicho, inawezekana. Mgagani una vijani vitano vinavyotoka pahala pamoja, mtu wa haraka usiku anaweza kukosea. Ukingo wa jani la bangi una meno kama ya msumeno, wa mgagani hauna meno makali vile. Lakini kesi haiendi kwa jicho.

Maabara wanaanza na darubini, ukuzaji wa mara 40 unatosha. Juu ya jani kuna vinyweleo vifupi vilivyopinda kama kucha, na kitakoni mwao mna chokaa. Ukidondosha tone la asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, panatoka mapovu. Upande wa chini vinyweleo ni virefu na vyembamba, havina chokaa.

Halafu kipimo cha rangi cha Duquenois. Vanilini gramu 0.4 na matone matano ya asetaldehaidi ndani ya mililita 20 za ethanoli ya asilimia 95. Unatia kwenye majani kidogo, unatikisa, unaongeza asidi kali, inakuja rangi ya zambarau. Unatia klorofomu, unatikisa tena. Zambarau ikishuka kwenye tabaka la chini, ni dalili ya bangi. Dawa hiyo ikae gizani na kwenye baridi. Ikigeuka manjano iliyokolea imwagwe. Chupa iliyosahauliwa dirishani hutoa majibu ya uongo, na mtu anakwenda Chuo cha Mafunzo (jela) kwa chupa.

Kipimo chengine ni cha Fast Blue B, na hapa Zanzibar lazima mtu awe makini: hina, kungumanga na basibasi nazo zinatoa rangi kwa dawa hiyo. Ndiyo maana rangi peke yake ni ya kuchuja tu. Kinachothibitisha ni kutenganisha kwenye sahani ya kromatografia, ambapo doa la kila kitu linapanda kimo chake, ama mashine ya GC-MS, inayotenganisha na kutambua kemikali. Ripoti inayosema "ilibadilika rangi" na kuishia hapo, wakili mzuri ataitafuna.

Nahodha Faiba, #16

Chupa leo katufungulia skuli, shukran. Ila bado: hayo yote ni ya mzigo ulioshikwa. Mimi naulizia ule unaopita.

Kijana wa Paje, #17

Na mimi narudi kwangu. Kanada walihalalisha Oktoba 2018, mtu mzima anatembea na gramu 30 bila kosa. Soko la magendo likapungua bila doria wala lakiri. Kwa nini tusijadili hilo?

Msomaji wa Mikataba, #18

Tujadili lote basi. Kanada magendo hayakufa siku ile. Miaka ya mwanzo maduka halali yalikuwa machache na bei zao za juu. Ontario, mkoa wenye watu wengi kuliko yote, ilianza kwa kuuza mtandaoni tu na maduka yakafunguliwa Aprili 2019. Mnunuzi alibaki kwa muuzaji wake wa zamani mpaka bei halali ziliposhuka. Maana yake hata serikali ikiuza yenyewe, inashindana kwa bei, ukaribu na ubora. Inahitaji leseni, maabara, wakaguzi, ushuru. Sisi hapa tunahesabu nyongo 62 zikawa 60. Atakayesimamia duka halali ni nani?

Shehia Yetu, #19

Na jamii ya hapa hailikubali, hilo lijulikane. Lakini kumpeleka kijana wa msokoto mmoja rumande pamoja na watu wa unga (heroini) pia si dawa. Angepelekwa hospitali ya Kidongo Chekundu akapewa methadoni, angepona.

Mizani na Chupa, #20

Mzee wangu, methadoni ni ya waliozoea heroini. Kidongo Chekundu imeanza kutoa 2015 kwa ajili hiyo. Kwa bangi hakuna dawa ya kumeza ya namna hiyo, kazi ni ushauri nasaha, familia na kumtoa kwenye maskani. Ukimpa mtu wa bangi methadoni unamfungulia ugonjwa mwengine. Kuhusu kutomchanganya rumande na watu wa unga, nakuunga mkono mia kwa mia.

Mtu wa Mkokotoni, #21

Nimesoma yote. Nahodha, Mdigo na Mkereketwa wanaona njia ya mzigo, Wakili na Chupa wanaona kesi, Kijana anaona mnunuzi. Mimi bado niko kwa Nahodha, kwa sababu bei ndiyo inayonambia. Kesi mia zikishinda mahakamani na gunia linaendelea kushuka, muuzaji mwengine atapatikana asubuhi.

Swali la pembeni: ule mzigo wa mwisho wa kesi unateketezwaje? Watu mtaani wanasema unarudi sokoni.

Wakili wa Vuga, #22

Unahitaji amri ya mahakama, na uteketezaji uwe na mashahidi na hati yenye uzito. Uzito huo ulinganishwe na ripoti ya maabara, si na hati ya usiku wa kukamata. Kinachopaswa kubaki ni sampuli iliyopigwa lakiri.

Mizani na Chupa, #23

Na uchomaji wenyewe una kanuni zake. Bara wanapeleka kwenye tanuri la kiwanda cha saruji Wazo, joto la kule halibakishi kitu. Kwa moto wa shimo, robota lililoshindiliwa haliungui katikati hata ulimwagie dizeli. Nje linakuwa mkaa, ndani majani mazima. Lazima lifunguliwe, lisambazwe tabaka jembamba juu ya kuni zilizoshika moto, ligeuzwe kwa reki, na watu wakae upande unaotoka upepo. Majivu yachimbuliwe kabla ya hati kusainiwa. Wakiondoka moshi ukiwa bado unafuka, hapo ndipo maneno ya mtaani yanapopata mguu.

Mdigo wa Tanga, #24

Nahodha, nijibu moja: kusi (upepo wa kusini) ikikaza, vyombo vya kutoka Pangani na Kipumbwi vinashuka wapi? Maana mkondo wa kwenda kaskazini unakuwa mkali, na mtu akilenga Mkokotoni hafiki kirahisi.

Nahodha Faiba, #25

Wakati wa kusi mkondo unaweza kufika noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa). Chombo kinachokwenda noti 8 kwa saa tatu kinasukumwa maili 12 kaskazini kama nahodha hakuelekeza omo (mbele ya chombo) kusini tangu anaondoka. Wazoefu hupanda kwanza na pwani ya Bara kwenda kusini, kisha ndio wanakata. Kwa hivyo doria ya kusi na doria ya kaskazi haziwezi kukaa pahala pamoja. Ukiwa na ramani ya bandari bubu za kwenu Tanga, nitumie inbox tulinganishe na za huku.